Kamani za Lori

Baba hajawahi kuniuliza kwa nini niliacha chuo. Wiki ya pili baada ya mimi kurudi Ndanai aliniuliza tu kama bado najua kufungua nati iliyoshika kutu.

Hilux ilikuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya zizi kwa miaka 6. Ni ya 1994, dizeli ya lita 2.8, ile injini ya 3L ambayo kila fundi atakwambia haifi. Yetu ilikufa. Baba alikuwa amebeba maziwa kwenda Sotik, gasketi ya silinda hedi ikaungua, ikavutwa na trekta hadi nyumbani. Tangu siku hiyo kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Mimi nilikuwa na shilingi 180,000. Jinsi nilivyozipata, hilo nilimwambia Mama peke yake. Nilikuwa naandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Kama umesoma chuo chochote Nairobi unajua biashara hii; kila hosteli ina mtu wake. Kufika mwaka wa 3 nilikuwa na wateja wengi kuliko madarasa niliyohudhuria. Kuna muuguzi mmoja wa Ohio niliyemwandikia karibu muhula mzima: vidonda vya wagonjwa wa kisukari, dozi, maadili ya kazi. Ndiyo, maadili. Alipata A. Mimi jina langu halikuwa hata kwenye orodha ya mtihani kwa sababu karo ilikuwa haijaisha, na kwa sababu, nikisema ukweli, nilikuwa nimeshaacha kujali. Halafu 2023 wateja wakagundua ChatGPT inawaandikia bure, kazi zikakauka, nikapanda matatu ya kurudi nyumbani.

Mama alisema hiyo pesa ni karo. Mimi nikasema ni gari. Tulizozana siku tatu hivi, na Baba akatoka kwenda kukamua ng'ombe kila mara tulipoanza.

Nilitaka kufika Loiyangalani. Nilikuwa nimetazama video nyingi sana za vijana wa Nairobi wenye hema juu ya paa la gari, wakipika chai kando ya Ziwa Turkana na upepo ukitaka kuwabeba. Nilijua pia habari za Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare: vituo 13, muda wa saa 10, na mshindi ni anayevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, si kwa mbio. Watu hulipa pesa nzito kukwama porini. Huku kwetu tope ni bure. Mvua ya Aprili ikishika, lori la majani chai likizama kwenye udongo mwekundu, wakulima wanakaa kando ya magunia wakiyagusa kwa mkono kila dakika, kwa sababu majani mabichi yakipata joto ndani ya gunia kiwanda hakitayataka. Hakuna anayepiga video.

Basi tukaanza. Silinda hedi ilienda kusawazishwa Kericho, tukanunua gasketi, tukasafisha tangi lililokuwa na kitu kama uji chini, nozeli zikapimwa. Shilingi 70,000 zilikuwa zimeenda na gari bado halijatoka langoni. Nilipaswa kusimama hapo. Badala yake nikaenda kwa fundi wa Sotik nikamwambia nataka gari liinuke. Akanikatia kamani za lori lililokufa, akaongeza mbili kila upande. Nikanunua tairi kubwa zilizotumika. Nilipouliza habari ya lile bomba la hewa linalopanda hadi paani, la kuvukia mito, akapendekeza paipu ya maji taka. Hilo nilikataa.

Gari liliinuka kweli. Lilipendeza, nakwambia, watoto walilikimbilia barabarani. Lakini kuliendesha ilikuwa kama kupanda punda aliyekasirika. Bila mzigo lilirukaruka kila shimo. Propela ya nyuma sasa ilikuwa imeinama vibaya, krosi zikaanza kulia, na injini ile isiyo na haraka ilizidiwa na tairi kiasi kwamba kilima cha kwenda sokoni tulikipanda na gia ya kwanza. Mama alipanda mara moja. Kurudi alirudi na boda.

Baba alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Umeiwekea kamani za lori," alisema. "Sasa lori iko wapi?"

Pesa ikaisha Septemba. Loiyangalani ikabaki kwenye simu. Kisha asubuhi moja nikamkuta Baba amepakia magunia manne ya mahindi nyuma. Ana rafiki yake Mmaasai, alisema, ng'ambo ya Lolgorian, waliuziana fahali zamani na kuna deni halijaisha. Hakusema ni nani anamdai nani. Alivaa gambuti na kuingia upande wa abiria.

Nataka niseme wazi: na yale magunia gari lilitulia. Kamani zilikaa, tairi zikashika, tukapita Kilgoris tukizungumza bila kupigiana kelele. Baba alinionyesha mahali walipolala yeye na ng'ombe 11 akiwa na umri kama wangu. Sikuwahi kuijua hiyo hadithi.

Baada ya Lolgorian tuliacha barabara, na kule mbele ardhi ikabadilika kuwa ule udongo mweusi unaonata. Nilivuta gia ya magurudumu manne nikaingia kwa kiburi. Mita 20, basi. Za nyuma zinarusha tope, za mbele zimekaa tu zinatuangalia.

Baba alishuka bila kusema kitu. Hilux hizi za zamani zina habu za mkono kwenye magurudumu ya mbele. Usipozizungusha wewe mwenyewe, gia utavuta bure. Nilikuwa nimezipaka rangi nyeusi, mpya kabisa. Sikuwa nimewahi kuzizungusha.

Aliinama kwenye tope akafunga ya kwanza. Ya pili ilikuwa imeshika, akaigonga na jiwe.

"Na yule muuguzi wa Marekani," alisema, bila kuinua kichwa. "Alimaliza?"

Nilikaa kimya kidogo. "Alimaliza, Baba."

"Yuko hospitali sasa? Anatibu watu?"

"Sijui. Nadhani."

Akagonga tena. Habu ikazunguka. Alijifuta mikono kwenye gunia la mahindi, akanitazama kupitia dirisha.

"Ingia gia ya pili," alisema. "Na usikanyage sana."