Kulwa Yuko Wapi?

Mwaka 1921 Buster Keaton alitengeneza filamu fupi, The Playhouse, yenye jukwaa la watu tisa, na wote tisa ni yeye. Kompyuta hakuna. Mpiga picha wake, Elgin Lessley, aliziba lenzi ikabaki sehemu nyembamba tu, akamrekodi Keaton, akarudisha mkanda nyuma, akaziba pale na kufungua pembeni yake, akarekodi tena. Mara tisa. Na kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo mkono wa Lessley ulitakiwa uende mwendo uleule kila mara, la sivyo Keaton mmoja angewaacha wenzake. Siku hizi nikiitazama namwangalia Keaton kidogo tu. Nauwaza mkono ule.

Sisi huku ujanja huu tuliujulia kwenye filamu za Kihindi: Dilip Kumar katika Ram Aur Shyam ya 1967, Hema Malini katika Seeta Aur Geeta ya 1972. Hiyo ya pili niliiona miaka mingi baadaye kwenye kibanda cha video, mkanda umeshachoka, na mtafsiri akisema maneno ya wote kwa sauti yake moja: Seeta, Geeta, yule shangazi mkorofi, polisi. Tukaona sawa tu.

Basi mwaka juzi rafiki yangu anayetengeneza filamu fupi akaniita Tanga. Hadithi yake ni ya pacha wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao, na mwigizaji ni mmoja. Alihitaji mtu wa kimo kilekile, wa kukaa upande wa pili wa meza. "Wewe pacha, utaelewa haraka," akaniambia. Mimi naitwa Doto. Kulwa alifariki kwa malaria tukiwa na miaka saba, na tangu hapo ni nadra nimtajie mtu jina langu asiniulize: Na Kulwa yuko wapi? Kwenye daladala, benki, hata msibani. Ninayo majibu matatu. Nachagua kulingana na haraka niliyo nayo.

Kazi yenyewe ni ya fundi zaidi kuliko msanii. Kamera inafungwa kwenye stendi, miguu ya stendi inawekewa mifuko ya mchanga, na ole wake atakayeigusa. Dirisha linazibwa kwa blanketi, maana jua likisogea na kivuli kinasogea, na zile nusu mbili hazitashonana. Katikati ya meza kuna mpaka, hata kidole kisivuke. Mwigizaji anakaa kushoto, ndiye kaka. Mimi kulia namsomea maneno ya mdogo mtu. Akimaliza anabadilisha shati, tunapishana viti, tunaanza upya. Baadaye edita anachukua nusu hii na nusu ile. Mimi natupwa.

Mchana kivuli changu kikaangukia upande wa mwenzangu. Mwongozaji akanitoa, akaweka stendi ya taa na kubandika selotepu pale macho yangu yalipokuwa. Maneno yakatoka yote, kwa wakati wake. Lakini jamaa akawa kama anahutubia; pale ambapo nikiwepo alishusha sauti, sasa anaipandisha. Mara ya nne akainuka. "Mrudisheni Doto. Hii haisikilizi." Watu wakacheka, wakahamisha taa, nikarudi.

Tunaposifu filamu hizi tunasifu uso. Katika The Social Network ya 2010, Armie Hammer ni ndugu wawili wa Winklevoss, lakini mwili wa mmoja wao ni wa Josh Pence, aliyeigiza kisha uso wake ukafunikwa na wa Hammer. Katika Sinners ya 2025, Michael B. Jordan anajipa sigara mwenyewe, na watu wanauliza mkono umevukaje mpaka. Sawa, ni swali zuri. Langu ni jingine: wakati anaipokea, alikuwa anatazamwa na nani?

Kuna sentensi ya yule mdogo niliyoisoma labda mara 11: "Ulipoondoka hukuniambia niwajibu nini." Niliagizwa nisiigize, nisome tu. Nikasoma. Mara moja, jioni, tumechoka wote, sikusoma. Mwigizaji alitakiwa ajibu papo hapo, akakaa kimya, akanitazama, akasahau hata kikombe alichoshika. Mwongozaji hakusema kata. Kimya hicho ndicho kilichobaki kwenye filamu. Sauti yangu iliyokileta imefutwa. Maneno yale sasa anayasema yeye, kwa mdomo wake, akiwa na shati la pili.

Filamu ina dakika 12. Bega langu linaonekana mara mbili, kwa nyuma. Mama aliitazama kwenye simu yangu, kavaa miwani, hakuuliza lolote kuhusu mwigizaji. Bega lilipotokea akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha.

"Tena."