Nafasi Nyuma ya Trela

Kwa muda mrefu hesabu yangu ilikuwa nyepesi: breki za gari langu dogo hushika upesi kuliko za trela, basi trela likisimama, nami nitasimama. Na hesabu yenyewe haikuwa ya uongo. Gari la tani 56 pamoja na mzigo wake, uzito ambao ndio kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, haliwezi kutulia haraka kama gari la watu watano. Ndiyo maana sikuelewa kwa nini wazee waliozoea njia ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, walinihimiza nikae mbali na mkia wa trela. Niliona ni tahadhari ya watu waliochoka na barabara.

Kilichonifanya nianze kufikiri upya ni mwamba wa Tororo, upande wa Uganda. Ukitoka Malaba unauona mapema, umesimama peke yake juu ya nchi tambarare, na hata walio upande wa Kenya wanauona. Lakini lisogelee trela lenye kontena, likalie mgongoni, na mwamba wote unapotea. Nikajiuliza: ikiwa kitu kikubwa hivyo hakinifikii machoni, ni vingapi vidogo visivyonifikia? Trela hupita juu ya jiwe likiliacha katikati ya magurudumu, dereva asihisi lolote, kisha jiwe hilohilo likakutokea wewe mbele ya bampa. Yapo pia matawi ya miti ambayo dereva aliyeharibikiwa na gari huyatandaza barabarani kutuonya. Ni onyo jema, ila humfaa anayeliona.

Mzee mmoja wa Busia, aliyeendesha trela kutoka Mombasa hadi Kampala mpaka alipostaafu, alinisikiliza nikimweleza hesabu yangu ya breki, kisha akasema, "Mwanangu, trela likishika breki lenyewe husimama polepole, hapo umesema kweli. Lakini likisimamishwa na trela lingine, linasimama palepale." Sikuwa na jibu. Akaongeza kwamba bodi la trela liko juu, na gari dogo likilivaa kwa nyuma huingia chini yake, kiasi kwamba kinachogonga kwanza si boneti bali kioo cha mbele, usawa wa vichwa vya watu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini, ingawa taratibu, kwamba ile nafasi huachwa kwanza kwa ajili ya macho, na breki hufuata.

Na macho yenyewe mara nyingi tunayaazima. Madereva wa njia hii huwasha indiketa ya kulia kumwonya aliye nyuma asipite, na ya kushoto kumwambia kwamba mbele ni kweupe. Ni wema mkubwa, wema wa mtu asiyekujua na ambaye hutamwona tena. Lakini indiketa hiyohiyo ya kulia yaweza kuwa ya kukata kona, na ya kushoto yaweza kuwa ya kuegesha. Nimepita mara nyingi kwa kuitegemea, na bado sijui nimwamini dereva huyo kwa kiasi gani. Yeye anaiona barabara, lakini roho inayopita ni yangu.

Wapo wanaoniambia kwamba ukiacha nafasi, matatu itaijaza. Ni kweli, huijaza. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 hivi kila sekunde, kwa hiyo sekunde tatu ni kama mita 67, na hapo matatu haihitaji mwaliko. Lakini kila anayeingia hunirudisha nyuma sekunde tatu tu. Wakiingia kumi ni nusu dakika, na Malaba tutakutana sote kwenye foleni. Kinachouma basi ni kule kupitwa, na hilo ni jambo la moyo wangu, barabara haihusiki.

Hata kwenye foleni, ambako nilidhani hakuna mwendo wa kuogopa, nimemwona utingo akiruka chini trela likiwa halijatulia, mkononi ana kabari ya mti iliyochakaa pembeni, akaisukumiza nyuma ya tairi kwa mguu. Anajua kwamba mzigo ule waweza kurudi nyuma. Aliyejibana nyuma yake huenda hajui.

Na ukaribu wa hatari hauishi gari likisimama. Julai 2021, huko Malanga, Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, lori la mafuta lilipata ajali, watu wakasogea kuchota, moto ukalipuka. Waliofariki walizidi kumi. Sithubutu kuwahukumu, maana uhitaji pia humsogeza mtu karibu na asichokijua.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, lakini hawakusema umfuate kwa umbali gani. Nami nimewafuata watu hivyo, wakubwa kazini na marafiki waliojua kuliko mimi, kwa ukaribu ulionifanya nione migongo yao tu na nisione wanakoelekea. Sisemi kila ukaribu ni kosa. Upo umbali ambao ni ubaridi, na bado najifunza kuupambanua na ule wa busara. Barabarani, angalau, kipimo chake kipo.

Basi nawe ukiwa nyuma ya trela, chagua mti au nguzo kando ya barabara. Mkia wa trela ukiipita, hesabu polepole mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu, kabla hujaifikia wewe. Mvua ikinyesha au giza likiingia, zidisha hesabu hiyo mara mbili. Kisha tafuta vioo vyake vya pembeni. Usipoviona, dereva naye hakuoni: rudi nyuma.