Maji Chini ya Vumbi

Yasemekana kwamba jina Nakuru, kwa Kimaasai, lina maana ya mahali pa vumbi. Mji huo ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, lakini vumbi halikuhama. Ni majivu ya volkano, nayo yana tabia moja inayowatesa wenye kutunza mabomba: hunywa maji kimyakimya.

Kwenye udongo wa mfinyanzi, bomba likipasuka maji hupanda juu, njia ikalowa, wapita njia wakapiga kelele. Nakuru, bomba laweza kuvuja miezi kadhaa na nyasi za juu yake zisinawiri hata kidogo. Isitoshe, bonde lenyewe lina nyufa, nyingine zikifunguka baada ya mvua kubwa. Huku nyuma mama wa Kaptembwa huamka alfajiri kupanga mitungi, asijue kwamba maji anayoyangoja huenda yamezama ardhini usiku kucha.

Fundi wa zamani hutumia chuma. Hukisimamisha juu ya bomba saa nane za usiku, magari yakiwa yametulia, akatega sikio. Ni kazi ya heshima. Lakini bomba la plastiki halivumi kama la chuma, na udongo tifutifu humeza sauti kama unavyomeza maji.

Hapo ndipo rada ya ardhini inapofaa. Husukumwa mfano wa mkokoteni, ikituma mawimbi ya sumakuumeme udongoni na kuupokea mwangwi wake. Hewani mawimbi hayo husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Majini mwendo hushuka hadi karibu sehemu moja ya tisa. Basi penye udongo uliolowa mwangwi huchelewa, na mahali ukavu unapopakana na maji hurudi kwa nguvu. Majivu makavu nayo huyapitisha mawimbi bila taabu. Ajabu iliyoje! Udongo ule ule uliokuwa ukificha siri ndio unaoitoa.

Hata hivyo, asishangilie mtu mapema. Ziwa Nakuru halina mto utokao, na magadi yamekolea kandokando yake. Udongo wenye chumvi na unyevu hupitisha umeme, hivyo mawimbi hufifia kabla ya kufika mbali. Rada ikapofuka. Ndipo yule mzee anapoitwa tena, naye huja na chuma chake, saa nane ile ile ya usiku.