Ponnani: Taa ya Msikiti na Vyungu vya Majirani

Wasomaji wetu waliopitia darsa za fiqhi ya Kishafii wanakijua kitabu cha Fat-hul Muin. Kimesomeshwa katika misikiti ya pwani yetu vizazi kwa vizazi, na jina la mtungaji wake, Sheikh Zainuddin al-Malibari, ni maarufu kwa walimu na wanafunzi. Ni wachache, hata hivyo, waulizao Malibari ni wapi, na ni watu gani waliomlea mwanachuoni huyo.

Malibari ni pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, ambayo leo imo katika jimbo la Kerala. Jimbo hilo liliundwa tarehe 1 Novemba 1956 kwa kuziunganisha nchi za wasemao Kimalayalam. Sensa ya mwaka 2011 ilionesha kuwa Waislamu ni zaidi ya robo ya wakazi wake. Mwenyeji wa Lamu au Unguja hawezi kujiona mgeni huko: minazi ni ileile, wali na samaki ndio chakula, na pepo za kusi na kaskazi ndizo zilizoendesha majahazi. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikwenda kununua pilipili manga, wakaoa na kuweka maskani. Katika vizazi vyao na katika wenyeji waliosilimu ndimo ilimotoka jamii ya Mapila.

Ibn Battuta, aliyezuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa yapata mwaka 1331, alifika Malibari miaka kadhaa baadaye. Katika mji wa Hili aliukuta msikiti wa ijumaa wenye wanafunzi waliopewa posho kutokana na mali ya msikiti, na jiko la kuwalisha wasafiri na mafakiri. Humo ndani alimkuta mwanachuoni mchamungu aitwaye Said, mtu wa Mogadishu. Kumbe tangu zama hizo watu wa pwani ya Afrika walikuwa wakivuka bahari na kukaa katika misikiti hiyo pamoja na watu wa elimu.

Msafiri atokaye mji wa Kozhikode akifuata pwani kuelekea kusini hufika Ponnani, mji mdogo wa wavuvi kwenye mlango wa mto. Hapo ndipo Sheikh Zainuddin Makhdum, babu yake mtungaji wetu, alipojenga msikiti mkuu mwanzoni mwa karne ya 16. Haukujengwa kwa kuba wala minara mirefu, bali kwa mbao na paa la vigae, kama zilivyo nyumba za nchi ile. Ndani mlikuwa na taa kubwa ya kuning'inia, na wanafunzi walizunguka chini yake kusoma. Mwanafunzi aliyekamilisha masomo alisemwa kuwa amekaa kwenye taa, na kukaa huko kulikuwa ndiyo shahada yake. Akarejea kwao akiitwa Musaliyari, kwenda kusomesha wengine. Mjukuu wa mjenzi, aliyebeba jina la babu yake, ndiye aliyekamilisha Fat-hul Muin mwaka 982 wa Hijria.

Zama hizo hazikuwa za raha. Mwaka 1498 merikebu za Wareno zilitoka Malindi na kufika Kozhikode, na mwaka 1510 wakauchoma moto msikiti wa Mithqal katika mji huo. Sheikh Zainuddin, aliyeandika pia tarikh ya vita hivyo, anamtaja kwa wema mfalme wa Kozhikode, Mhindu aliyewalinda Waislamu raia zake. Pamoja na misukosuko hiyo, darsa hazikukatika.

Ni nini kilichozidumisha? Jibu limo majikoni. Katika misikiti ya Malibari ilikuwa ada kwa kila nyumba ya jirani kujitwisha chakula cha mwanafunzi mmoja. Kijana aliyetoka mbali alilala msikitini, akala kwa watu waliomhesabu kuwa mtoto wao. Hivyo mama asiyewahi kuketi chini ya taa ile alikuwa na fungu lake katika kila mas-ala yaliyosomwa chini yake. Nao wanawake hawakuachwa nyuma ya elimu, kwani Mapila waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wazee wetu kwa Kiswahili, na kasida walizotunga kwa maandishi hayo zilisomwa majumbani.

Sisi tuliokabidhiwa kamati za misikiti tunajua jinsi ilivyo wepesi kuchangisha fedha za marumaru na zulia, na jinsi ilivyo vigumu kupata posho ya maalim na chakula cha mwanafunzi. Marumaru huonekana, sahani ya wali aliyopewa mtoto wa watu haionekani ila kwa Mola wake. Lakini Ponnani haikutufikia kwa marumaru. Ilitufikia ndani ya kitabu, na nyuma ya kitabu kile kuna vyungu vya majirani ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Basi tunaziomba familia zisomazo kurasa hizi zijiulize jambo moja: katika msikiti wa mtaa wetu, yupo mwanafunzi ambaye huacha darsa kwa sababu ya njaa? Akiwapo, tumwekee sahani yake. Allah atutakabalie.