Pyesi gani inaruhusiwa? Wamama wa Mudaka mbele ya moteri za watoto wetu



Juma hili hatutaongea juu ya mihogo wala bei ya sambaza. Tutaongea juu ya pisto, karbirateri na bomba la moshi. Msishangae. Vitu hivyo vimefika mbele ya sanduku letu la MUSO, na kitu kikifika mbele ya sanduku, ni cha wamama, hata kama kinanuka mafuta.

Ninyi mnajua namna tulivyo. Watoto wetu wengi hapa Mudaka ni wamotari. Wanapanda na kushuka barabara kubwa, Bukavu mpaka Kavumu, wakibeba watu, magunia ya makala, kuku, na mara nyingine mama mjamzito ambaye uchungu umemshika usiku. Wengine wao walinunua moto kwa mkopo wa sanduku la kijani. Jina lililoandikwa kwenye daftari kama mdhamini si la kijana, ni la mama yake.

Sasa vijana wanne walikuja kuomba mkopo mwingine. Haukuwa wa kununua moto wala wa kutengeneza moto iliyoharibika. Walitaka kuongezea nguvu moto walizo nazo: kutoboa silinda ili iingie pisto kubwa, kuweka karbirateri pana, kukata bomba la moshi ili moteri ipumue vizuri. Walisema moto yenye nguvu inapanda haraka na mzigo, na motari anayefika mbele anachukua abiria wa kwanza. Tena wakatuletea mfano. Tangu Desemba 2024, wakati Rais wa Rwanda alipotangaza kule Kigali kwamba nchi yake inataka kupokea mbio za Formula 1, vijana wa huku wanaongea habari ya formula asubuhi na jioni. Wakatuambia: “Wamama, hata wale wa formula wanabadilisha moteri kila siku. Ndiyo maana wanashinda.”

Tuligawanyika papo hapo. Wamama wengine walisema moto ni shamba la kijana, na mtu hawezi kumkataza mtoto wake kununua jembe linalokata zaidi. Wengine walisema jembe likikatika, ni nani atakayelipa? Ndipo mama mmoja mwenye umri akasema neno lililotusaidia: “Hawa watoto wametuletea mfano. Kabla ya kuukubali au kuukataa, tuuangalie ndani.” Tukamwita kijana wetu mmoja aliyesoma mekanike, naye akakaa pamoja nasi vikao vitatu. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, neno lenyewe. Formula si jina la gari. Ni orodha ya sheria. Gari la formula ni lile lenye kiti kimoja, magurudumu nje, bila paa, na kila anayetaka kushindana lazima gari lake lifuate orodha hiyo: uzito, ukubwa wa moteri, pyesi zinazoruhusiwa. Ile Formula 1 ya televizyoni ni ya makampuni yenye pesa nyingi. Lakini chini yake kuna formula ndogo, za watu wa kawaida: fundi wa garaje, mwalimu, mfanyakazi wa ofisi, wanaolipa kwa mfuko wao na kukimbia siku ya kupumzika. Hao ndio wanaofanana na vijana wetu. Na kwa hao, mambo ni kinyume cha tulivyoambiwa: wanajulikana kwa vitu wanavyokatazwa kubadilisha.

Chukueni Formula Vee. Ilianza Marekani, na mwaka 1963 chama cha mbio za magari cha huko kikaikubali rasmi. Gari lake linajengwa kwa pyesi za Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ambayo hata wazee wetu waliijua barabarani: moteri ya 1200, jiarboksi, magurudumu, hata vyuma vya mbele. Sheria yake kubwa ni hii: pyesi ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Gari likifika, wakaguzi wanaweza kufungua moteri na kupima. Ubishi hauishi. Kuna bomba dogo linalopeleka hewa na esansi ndani ya moteri, na juu ya bomba hilo tu watu wamebishana miaka na miaka: upana wake, kulainishwa kwake ndani, kunyooshwa kwake. Kwa sababu ukikataza vitu vyote, nguvu kidogo iliyobaki inajificha katika kile kidogo ulichosahau kuandika.

Na bado, katika mbio hizo za pyesi za kawaida walipita Niki Lauda wa Austria na Keke Rosberg wa Finland, ambao baadaye wakawa mabingwa wa dunia wa Formula 1. Walijifunza mahali ambapo moteri zote zinalingana, na anayeshinda ni mwenye mkono na jicho.

Ndugu yake ni Formula Ford, iliyoanza Uingereza mwaka 1967. Moteri yake ilikuwa ya Ford ya 1600, ile ya magari ya familia, na mwanzoni gari zima halikupaswa kuuzwa zaidi ya pauni 1000. Ayrton Senna wa Brazil alipofika Uingereza mwaka 1981, alianzia humo.

Kwa nini watu wanaopenda mwendo wajifunge wenyewe hivyo? Kijana wetu alitueleza kwa mfano wa soko, nasi tukaelewa mara moja. Tuseme wauzaji kumi wa unga wanauza meza moja moja. Mmoja anaweka taa kubwa, wateja wanamwendea. Juma la pili wote wameweka taa kubwa. Wateja ni walewale, kila mmoja anauza kama zamani, lakini sasa wote kumi wanalipa taa. Ndivyo ilivyo kwa pisto. Mmoja akiruhusiwa kuweka pisto nyepesi ya bei kali, wote watafuata, mstari wa mbio utabaki uleule, ila mwenye mfuko mdogo atakuwa amekwisha kurudi nyumbani. Kwa hiyo sheria ya pyesi ni sheria ya nani atabaki mezani.

Hapo tulinyamaza kidogo. Maana vijana wetu wanne wakifanikiwa, wengine arobaini wa kituo watakuja kuomba mkopo uleule. Abiria wa Mudaka hawataongezeka kwa sababu moteri zimeongezeka nguvu. Kitakachoongezeka ni esansi inayokunywewa na deni katika daftari.

Mbinu nyingine ya wenzetu iliwachekesha wamama sana. Huko Marekani, katika mbio nyingine ndogo za magari kwenye viwanja vya udongo, kuna sheria kwamba mbio zikiisha, mpinzani anaweza kununua moteri ya mshindi kwa bei iliyopangwa mapema, na mshindi hana ruhusa ya kukataa. Nani basi atatia mali nyingi katika moteri anayoweza kunyang'anywa kwa bei ndogo? Mama mmoja muuza maharagwe alisema huyo aliyeitunga sheria hiyo lazima alizaliwa sokoni.

Tena si lazima kwenda mbali. Jirani zetu wa mashariki walifikiri hivyohivyo. Mwaka 1953, Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza mbio za Safari, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Magari yalipaswa kuwa kama yanavyouzwa, na yaligawanywa katika makundi kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa moteri. Mwenye gari rahisi alipimana na mwenye gari rahisi. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda Safari kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika na wengine.

Lakini tusiwadanganye kwamba wenye kukataza wana haki siku zote. Hapa ndipo wamama waliotetea vijana walipopata nguvu. Ile moteri ya Ford ilizeeka. Magari ya familia yaliyoibeba yalitoweka barabarani, pyesi za kiwandani zikawa adimu, na kitu adimu kinapanda bei. Sheria iliyotungwa kumlinda mwenye mfuko mdogo ikaanza kumfukuza. Wakabishana: turuhusu pisto mpya ya kiwanda kingine? Turuhusu kichwa cha moteri kilichotengenezwa upya? Wazee wa mbio walisema, mkigusa pyesi moja mtagusa zote. Vijana wakajibu, msipogusa hata moja, mtakimbia peke yenu. Karibu na mwaka 2010, huko Marekani waliruhusu moteri ya Honda, ya gari dogo la familia, ishindane pamoja na ile ya Ford. Lakini waliifunga koo kwa kipande cha chuma chenye tundu, ili hewa inayoingia ipungue na nguvu yake ilingane na ya zamani. Walibadilisha pyesi, wakalinda usawa. Wengine hawajaridhika mpaka leo, lakini mbio zinaendelea.

Na kuna upande ambao haukutuchekesha. Katika mbio za barabarani za dunia, kuanzia mwaka 1982, kulikuwa na kundi lililoitwa Group B. Humo sheria zililegezwa sana: magari mepesi, moteri kali kupita kiasi. Watu walijaa kandokando ya njia kuyaona. Mwaka 1986, kule Ureno, gari moja lilitoka njiani na kuingia katika watu, watatu walikufa. Mwezi wa tano mwaka uleule, katika kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen na Sergio Cresto waliungua pamoja na gari lao. Kundi hilo likafungwa mwaka huo ulipoisha. Tulipoisikia habari hiyo, hakuna aliyewaza Ureno. Tuliwaza barabara yetu inavyopita katikati ya soko, meza zetu zilivyo karibu na lami, na watoto wanaovuka kutoka shuleni. Pyesi ikivunjika juu ya moto inayokimbia, haichagui aliyeomba mkopo.

Basi, baada ya vikao vitatu, tulikubaliana hivi, na tunawaeleza ili vikundi vingine vichukue kinachofaa na kuacha kisichofaa.

Sanduku la kijani litakopesha bila ubishi kwa pyesi za kusimamisha na za kuonesha: mafreni, mipira, mnyororo, taa, kofia ya abiria. Pisto na segma zitabadilishwa kwa kipimo kilichowekwa na kiwanda. Silinda iliyochakaa inaweza kutobolewa, lakini kwa vipimo vya matengenezo ambavyo kiwanda chenyewe kimevikubali, si zaidi. Karbirateri pana na kukata bomba la moshi, hapana. Sanduku halitatoa hata franka moja.

Na kwa sababu ya somo la Ford, tuliongeza hili: pyesi ya kiwanda ikikosekana hapa na Bukavu, kijana anaweza kuweka ya kiwanda kingine, mradi mafundi wawili wasio wa garaje moja waiangalie mbele ya mdhamini. Orodha yote itasomwa upya kila mwaka, na wamotari wawili watakaa nasi siku hiyo. Sheria juu ya moteri isiyosikia sauti ya anayeishika mkononi haitadumu.

Vijana watatu wamekubali. Mmoja amechukua mkopo wa mafreni na mnyororo, na mama yake anasema sasa anasikia moto ikifika nyumbani bila roho yake kuruka. Wa nne hakukubali. Alikwenda kukopa kwa mtu mwingine, kwa faida kubwa, na moto yake imekatwa bomba. Tunaisikia kabla ya kuiona. Mama yake angali anakaa nasi kila kikao, anatoa mchango wake kama sisi wote. Hatukumwuliza neno. Ila sanduku jekundu, lile la msaada wa matatizo, lipo pale mezani, na kila mmoja wetu anajua kwamba matatizo ya nyumba yake yakifika, tutalifungua kwa ajili yake kama kwa mwingine yeyote.

Swali tunalowaachia kwa kikao kijacho ndilo lililotushinda: kijana aliyekwisha kukata bomba, akija kesho kuomba mkopo wa mafreni, tumpe au tumwambie kwanza arudishe bomba? Nusu yetu inasema mafreni ni uhai, hayawekewi masharti. Nusu nyingine inasema tukimpa, wale watatu wataona walitii bure. Njooni na mawazo yenu, na mwenye mtoto wa moto aje naye.