Magurudumu Yalinipa Kazi Nyingine

Nilikuwa msukuma chukudu. Hapa Goma ukisema hivyo mtu hutazama mabega yako, kisha magoti, akajua unavyopata ugali wako. Kwa wasioijua, chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, ubao mrefu katikati na usukani. Tumekuwa nayo Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1970. Hubeba viazi, kabichi, makala na saruji, na mzigo wa kilo 400 si ajabu. Kutoka Kibumba hadi Goma njia inateremka. Unapiga goti moja ubaoni, na kwa mguu wa pili unakandamiza kipande cha mpira dhidi ya gurudumu la nyuma. Breki ni hiyo.

Gurudumu langu la mbele lilipasuka kwenye mteremko huo, nikiwa na makala. Goti halikupona sawasawa. Nilikuwa nimezoea kujihesabu kwa magunia: mwenye magunia mengi ni mwanamume. Sasa nilikaa nyumbani nikimsikia mke wangu akikopa unga kwa jirani, na sikuweza kumtazama usoni.

Nilikwenda kwa fundi mmoja, mzee, ili tu nirekebishiwe chombo nikiuze. Alichukua ubao wa mkalitusi uliokwisha kuchorwa duara, akautupa kando. Mimi niliuona mzima. Nikamuuliza, "Muzee, mbona unautupa?" Akaniwekea nyundo mkononi: "Mutoto, gonga, usikie." Niligonga huo, kisha nikagonga ubao wa mti wa mumba. Wa mumba ulilia kwa sauti kavu, wa kwanza ukanyamaza. Ndani ulikuwa na ufa.

Nilibaki pale. Kwanza nilishika mbao wakati yeye anakata, baadaye nikapewa msumeno.

Mti mbichi ukikauka hunywea zaidi kwa kuuzunguka kuliko kuelekea kwenye kiini, ndiyo maana kisahani kilichokatwa kwa kukingamisha gogo hupasuka kuanzia ukingoni. Kwa hiyo tunatafuta ubao mnene uliopasuliwa kwa urefu, usio na kiini cha mti wala fundo, na tunauacha ukauke kivulini kabla ya kuuchora. Tundu la katikati ndilo lenye kazi. Rulema, yaani beringi, lazima iingie kwa kubana. Ikilegea hata kidogo, uzito utalipanua tundu upande mmoja, gurudumu litayumba, na ukilitazama kwa nyuma utaliona likitembea kama mlevi. Ukingoni tunapigilia ukanda wa tairi kuukuu la gari, kwa sababu barabara zetu nyingi ni mawe ya lava, na mawe hayo hula mbao tupu. Misumari haifuatani mstari mmoja: ukiipanga kwenye uzi mmoja wa mbao, umeupasua kwa mkono wako mwenyewe.

Mambo haya yalinibadilisha kuliko nasaha zote nilizopewa nikiuguza goti. Niligundua kwamba nina macho, nina masikio, nina subira, vitu ambavyo sikuwahi kuvilipia wala kulipwa kwa ajili yake. Ninapoliona gurudumu lililovunjika sasa, ninajua lilibebeshwa upande gani na mwenye nalo huteremka vipi. Kijana akiniletea, namuuliza kwanza kama yeye mwenyewe ni mzima.

Mwaka 2009 ilisimamishwa mjini sanamu kubwa ya chukudu, yenye rangi ya dhahabu. Naipenda. Nikipita hapo natazama magurudumu yake kabla ya kitu kingine chochote, na nafurahi kwamba mji uliochomwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 ulichagua kumheshimu anayebeba chakula chake.

Ninalopigania leo ni muda wa kukausha. Wateja wanataka gurudumu jioni hiyohiyo, na nawaelewa: siku bila chukudu ni siku bila chakula. Kwa hiyo nimetenga magurudumu ya kuazima. Kijana anaondoka na la kwangu, anafanya kazi, anarudi mbao zikiwa tayari. Wapo wasiorudi. Bado naazima, kwa kuwa gurudumu la mbao mbichi sitaliruhusu tena literemke kutoka Kibumba na mtu juu yake.