Magharibi ya Mvua, Mashariki ya Jua: Kwa Gari-nyumba Kaskazini mwa Uskoti

Aliyewahi kupanda Usambara kutoka Mombo anaijua habari hii mwilini. Chini jasho linatiririka na mkonge umesimama kwenye vumbi. Ukifika Soni unatafuta koti, na Lushoto ukungu umelala juu ya migomba. Nyanda za juu za Uskoti zimeumbwa hivyo hivyo, ila tofauti ni kali zaidi. Upepo wa Atlantiki hufika umebeba maji, ukipanda milima ya magharibi huyamwaga mengi huko. Zipo sehemu zinazopata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na pwani ya mashariki, mwendo usiofika saa mbili kwa gari, kuna mahali hazifiki 800.

Kaka yangu anaishi Glasgow na mkewe na watoto. Walikodi gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, wakanialika tuzunguke nao North Coast 500. Barabara hii ilipewa jina na kutangazwa mwaka 2015; huanza na kuishia Inverness, ikizunguka ncha yote ya kaskazini kwa takriban kilomita 830. Watu huisema kwa neno moja: kuimaliza. Neno hilo ndilo lililotusumbua kuliko mvua yenyewe.

Mvua ya Dar es Salaam ina heshima yake. Huja kwa kishindo, hujaza mitaro, kisha jua hurudi na nguo zikaanikwa. Ya magharibi mwa Uskoti ni rasharasha isiyo na mwanzo wala mwisho, na upepo huisukuma ubavuni mpaka ikaingia kwenye mikono ya koti. Kwetu mtu huisubiri mvua barazani, anazungumza na jirani. Gari-nyumba halina baraza. Lina turubai la kukunjua ubavuni, lakini upepo ukivuma huthubutu kulikunjua, litachanika. Basi familia nzima inabaki ndani, kwenye chumba ambacho lazima vitanda vikunjwe ndipo meza ipatikane. Makoti yaliyolowa hayana pa kutundikwa. Mvuke wa chai na pumzi zetu uligeuka matone kwenye vioo, na asubuhi godoro lilikuwa na unyevu upande wa ukutani. Kipasha joto kiliharibika mapema. Kampuni iliyotukodishia ilitujibu kwa simu kwamba tukizime na kukiwasha tena, na tulifanya hivyo mpaka tukachoka.

Nataka kusema wazi kwamba gari hili ni zuri, ila ni nyumba ya jua. Kukiwa kukavu unaishi nje, ndani unalala tu. Mvua ikishika, kila tendo dogo linakuwa kazi: kwenda kununua mkate ni kuchomoa waya wa umeme, kufunga makabati na kuondoka na nyumba nzima, ukirudi unakuta uwanja wa kambi umekuwa tope.

Barabarani nilijihisi nyumbani zaidi. Wanaendesha kushoto kama sisi, na sehemu kubwa ya magharibi ni njia moja nyembamba yenye sehemu za kupishana. Kwenye kona za kupanda Lushoto dereva hupiga honi. Huku hunyamaza, husogea pembeni mapema, na anayepishwa huinua mkono kushukuru. Niliupenda utaratibu huo. Lakini njia ya Bealach na Bà kuelekea Applecross, inayopanda hadi mita 626, kibao cha chini kinaonya kwamba haifai kwa magari makubwa. Watoto walikuwa wameisubiri kuliko kitu kingine chochote. Tulizunguka kwa njia ya pwani kutoka Shieldaig, na bahari hatukuiona kwa ukungu.

Yakafuatana mengine. Mchanga wa Achmelvich ni mweupe kweli, mtoto wa Tanga hana la kuubishia, lakini maji yake ni ya barafu na mawingu yalikuwa yamekaa vichwani petu. Siku upepo ulipotulia tukafurahi, kumbe visubi nao walikuwa wakiusubiri utulie. Hawaambukizi malaria kama mbu wetu, ila huja kama moshi. Durness, kivuko cha kwenda Cape Wrath hakikuondoka kwa sababu ya upepo. Hilo liliniuma mimi hasa, maana mnara wa taa wa kule ulijengwa mwaka 1828 na Robert Stevenson, babu yake Robert Louis Stevenson, mwandishi wa hadithi ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la *Kisiwa Chenye Hazina*. Kwenye pango la Smoo pia mashua hazikuingia, mto ulikuwa umejaa. Ila mvua iliyotuzuia ndiyo iliyoyapa nguvu maporomoko ya ndani: yalinguruma hata sauti ya mtu wa karibu haikusikika, na watoto walicheka kwa mara ya kwanza tangu tulipopita mji wa Ullapool.

Usiku ule wifi yangu alifungua utabiri wa hali ya hewa na kuuweka mezani. "Baba Salma, mashariki kuna jua. Hapa mvua mpaka mwisho wa wiki."

Kaka alitaka tuendelee hadi John o' Groats tukakipige picha kibao chake. Nilimkumbusha kwamba hata ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Uingereza si pale, ni Dunnet Head. Alinyamaza muda mrefu. Gari alikuwa amelilipia yeye, na mtu aliyelipa anataka duara lifunge. Mwisho alisema, "Haya, nyinyi ni wengi."

Tulipofika Tongue tuliliacha duara, tukakata kusini kwa njia inayopita Altnaharra, kijiji kilichopimwa baridi ya nyuzi 27.2 chini ya sifuri mwezi Desemba 1995. Baada ya Lairg mawingu yalianza kupasuka. Dornoch tulikuta barabara kavu.

Mashariki hakuna milima ya kutisha wala fahari ya magharibi, sitadanganya. Kuna mashamba ya shayiri, miji ya mawe, na anga pana. Tulipiga kambi Rosemarkie, ufukweni. Wifi alifunga kamba, akaanika kila kitu tulichokuwa nacho, na kabla ya saa kumi vyote vilikuwa vimekauka. Kutoka hapo tulitembea kwa miguu hadi Chanonry Point, ambapo bahari inabanwa na ulimi wa mchanga, na ng'ambo yake kuna ngome ya Fort George. Pomboo huja pale maji yanapoanza kujaa, wakifukuza samoni. Mimi niliyekulia pwani nilikaa nikatazama mkondo mpaka nikauona unageuka, nikawaambia watoto wasiondoke. Hawakukawia kutokea, karibu kabisa na kokoto tulizosimamia, wakiruka mmoja baada ya mwingine, na Salma akipiga kelele, "Shangazi, yule pale! Yule pale!"

Kaka bado anasema atarudi kuimaliza. Wifi amemwambia safari hiyo aende na hema, peke yake.